Kipande kidogo kinachookoa injini ya gari kuukuu

WENYE magari ya spoti ya zamani ya Kiingereza huyajua masaibu haya: gari limekwenda vyema, likazimwa kwa dakika chache, kisha likakataa kuwaka hadi injini ipoe.

Mara nyingi betri haina hatia. Adui ni joto. Katika MGB, gari lililoundwa mjini Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, kabureta hukaa upande mmoja na mabomba ya moshi. Injini inapozimwa, maji huacha kuzunguka na upepo haupiti. Joto hupanda hadi kwenye kabureta na petroli iliyomo huchemka, ikageuka mvuke.

Dawa yake ni kipande kinachowekwa baina ya kabureta na bomba la kuingizia hewa. Hakiundwi kwa chuma bali kwa bakelaiti, kwa kuwa chuma hupitisha joto upesi. Magari mengi yalitoka kiwandani na vipande hivyo, lakini baada ya miongo mingi hupasuka au kupinda.

Kazi ya kuvibadilisha yataka uangalifu. Kwanza, betri ifunguliwe na injini iwe imepoa. Gasketi za kale zikwanguliwe zote, kisha mpya ziwekwe pande zote mbili za kipande. Bati la kukinga joto nalo lirudishwe mahali pake. Kipande kikiwa kinene kuliko cha awali, bolti ndefu zaidi zahitajika, na fundi hana budi kuhakikisha kwamba chujio la hewa halibanwi na waya wa mafuta unarudi bila kukwama. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, la sivyo kipande kitavunjika.

Uzembe hapa una gharama. Hewa ikipenya penye mwanya, petroli hupungua katika mchanganyiko, injini hupata joto kupita kiasi na vali zaweza kuungua. Mpira mwembamba uliowekwa sikioni utamwonyesha fundi mahali hewa inapofyonzwa.

Mipira ya petroli pia ikaguliwe. Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida nchini Uingereza huwa na hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hula mipira ya zamani. Tone moja likidondokea bomba la moto, gari lote laweza kuteketea.