Forodha haina milango miwili: Moldova na Armenia kati ya Brussels na Moscow

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2024, watu wengi wa Moldova walikwenda kulala wakiamini kwamba wameshakataa kuingia Umoja wa Ulaya. Kura za ndani ya nchi zilikuwa zimehesabiwa karibu zote, na "Hapana" ilikuwa mbele. Kulipokucha, mambo yamegeuka. Zilikuwa zimeingia kura za Wamoldova walioko nje, Italia, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, watu zaidi ya 200,000, na robo tatu yao na ushei walisema "Ndiyo". Matokeo ya mwisho yakawa 50.35%. Tofauti haikufika kura 11,000. Watu hao hata uwanja mmoja wa mpira hawaujazi!

Nimelisoma jambo hili kwa jicho la mtu anayeishi nje, kama mlivyo wengi wenu wasomaji. Aliyepiga kura yake Milan hatolipa bili ya gesi Chișinău baridi ikiingia. Lakini huyo huyo ndiye anayepeleka pesa nyumbani kila mwezi, na bila ya pesa hizo bili yenyewe ingelipwaje? Rais Maia Sandu aliposhinda tena wiki mbili baadaye, naye akibebwa na kura za nje, wapinzani wake walidai kwamba huyo ni rais wa walio nje tu.

Wa umri wangu watakumbuka. Katika skuli ya misheni niliyosoma, padri wa jiografia alikuwa na ramani kubwa ukutani, na Muungano wa Kisovieti ulikuwa rangi moja kutoka Ulaya mpaka karibu na Japani. Mwaka 1991 rangi ile ikapasuka vipande 15. Vyengine ni vikubwa, vyengine vidogo mno. Moldova na Armenia, kila moja ina watu wasiozidi milioni 3 hivi. Vipande hivi vidogo ndivyo vinavyovutwa huku na huku: Umoja wa Ulaya upande mmoja, na upande wa pili Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, ulioanza Januari 2015 ukiongozwa na Urusi pamoja na Belarus na Kazakhstan.

Mtu atauliza, kwani lazima uchague? Si ufanye biashara na wote? Hapa ndipo pana siri ya jambo. Sisi tulioko Ghuba tunaishi ndani ya umoja wa forodha. Tangu mwaka 2003 nchi sita za Ghuba zimekubaliana ushuru mmoja wa nje, 5% kwa bidhaa nyingi, chombo kitie nanga Sohar au Jebel Ali. Maana ya umoja wa forodha ni hiyo: ushuru wako huupangi tena peke yako. Mkataba wa biashara huria ni mwepesi zaidi, unaweza kuwa nao na watu wawili watatu. Lakini ukishaingia umoja wa forodha wa Moscow, huna tena mamlaka ya kuwaondolea ushuru watu wa Brussels.

Armenia ililiona hili kwa uchungu. Walizungumza na Ulaya zaidi ya miaka mitatu, na Julai 2013 mazungumzo yakamalizika. Ilibaki kutia saini tu. Tarehe 3 Septemba mwaka huo Rais Serzh Sargsyan akaenda Moscow, na huko huko akatangaza kwamba Armenia itaingia umoja wa forodha wa Urusi. Kazi yote ile ikafutwa kwa siku moja.

Ukitazama ramani tu unaweza kumlaumu. Armenia haipakani na Urusi wala na nchi yoyote ya umoja ule. Uturuki imefunga mpaka tangu 1993, na Azerbaijan pia imefunga. Zimebaki njia mbili, Georgia na Iran. Lakini tizama mambo mengine: gesi ilikuwa ya Urusi, vijana wa Armenia walikuwa wakifanya kazi Urusi, na jeshi la Urusi lina kambi Gyumri kwa mkataba wa mpaka 2044. Na miaka ile ile Urusi ilikuwa ikiiuzia silaha Azerbaijan, hasimu wa Armenia. Disemba 2013, Armenia ikaikabidhi Gazprom hisa zake za mwisho, 20%, katika kampuni ya gesi ya nchi. Kwa hivyo lile lilikuwa suala la ulinzi, limevishwa kanzu ya biashara.

Bei ilikuja kulipwa pole pole. Armenia ilikuwa na ushuru mdogo, na biashara ya magari yaliyokwishatumika ilishamiri. Walipewa muda, ukaisha Januari 2020. Mwaka 2019 watu walikimbilia kuingiza magari kabla mlango haujafungwa, kama vile sisi tunavyokimbilia dukani tukisikia kodi itapanda.

Moldova ilichukua njia nyengine. Juni 2014 ilitia saini na Ulaya, siku moja na Georgia na Ukraine. Urusi ilikuwa imeshapiga marufuku mvinyo wao Septemba 2013, kama ilivyofanya mwaka 2006. Mvinyo sisi hautuhusu, lakini uhesabuni kama karafuu: ni zao ambalo kijiji kizima kinalitegemea. Julai 2014 ikaja zamu ya matunda, matufaha yakakosa soko msimu wa kuchuma ukikaribia. Ulaya ilikuwa imefungua mlango kwa mvinyo tangu Januari mwaka huo, lakini mkulima habadilishi soko kama abadilishavyo shati. Mnunuzi wa Ujerumani anataka vipimo na karatasi ambazo wa Moscow hakuwahi kuziuliza.

Hesabu hizi hazijafungwa. Septemba 2023 Azerbaijan iliichukua Karabakh yote, na Waarmenia zaidi ya 100,000 wakakimbia kwa siku chache, huku walinzi wa amani wa Urusi wakiwa pale pale. Ule ulinzi ambao biashara ya Ulaya ilitolewa kafara kwa ajili yake haukuonekana. Machi 2025 bunge la Armenia likapitisha sheria ya kuanza safari ya kuingia Umoja wa Ulaya. Nao Moldova, Januari 2025 gesi ya Urusi ilipokatika, walioumia zaidi ni watu wa Transnistria, mkoa uliojitenga kwa msaada wa Urusi yenyewe. Viwanda vikazimwa, watu wakalala na makoti. Na bidhaa za Transnistria, tizama mambo haya, nyingi zilikuwa zinauzwa Ulaya.

Armenia bado haijatoka upande wa Moscow. Malori yake bado yanapanda kupitia Georgia mpaka kituo cha mpakani cha Upper Lars, milimani, yakiwa na matunda ya kwenda Urusi, na theluji ikianguka nyingi barabara hufungwa, madereva wakalala humo humo ndani ya malori wakisubiri.