Kisu, mkate na mto: Siri ya maneno ya Kiingereza ya kugawana

Je, msomaji, umewahi kulichunguza neno la Kiingereza ‘share’? Mwambie mtoto wako a‘share’ chapati na dada yake, naye ataikata vipande viwili. Kisha mwambie a‘share’ chumba na dada huyo huyo. Hatatafuta msumeno akate kitanda! Ataelewa kwamba chumba ni kizima na wote wawili watalala humo.

Neno ni lile lile, lakini kazi zake ni mbili, tena zinapingana. Katika chapati, kitu kimekatwa na kila mtu akaenda na chake. Katika chumba, hakuna kilichokatwa. Wote wamekishika pamoja.

Kiswahili hakituachi na utata huo. Chapati tunagawana, chumba tunakitumia pamoja. Lakini shuleni, kazini na hasa katika stakabadhi za ardhi, mambo yetu mengi bado huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo ni vyema tujue maneno haya yalikotoka na yanakoelekea. Si suala la kupita mtihani tu. Kama utakavyoona, maneno mawili matatu ya aina hii yanaweza kuamua ni nani atakayebaki na ploti ya familia.

YOTE YALIANZA NA KISU

Tuanze na hilo ‘share’. Katika Kiingereza cha kale, kilichozungumzwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, liliandikwa ‘scearu’, na maana yake ilikuwa ukataji, au kipande kilichokatwa. Ndugu yake wa tumbo moja ni ‘shear’, yaani kukata manyoya ya kondoo. Ndugu mwingine ni ule ubapa wa chuma wa plau unaopasua udongo, ambao Waingereza huuita ‘ploughshare’.

Ukoo huu ni mkubwa kuliko unavyodhania. ‘Short’, yaani fupi, asili yake ni kitu kilichokatwa. ‘Shirt’ na ‘skirt’ ni pacha: yote mawili yalimaanisha vazi fupi. La kwanza Waingereza walikuwa nalo wenyewe, na la pili lililetwa na watu wa Skandinavia walioanza kuvamia pwani za Uingereza mwishoni mwa karne ya 8.

Hata ‘score’ ya kandanda imo katika ukoo huu. Zamani watu walihesabu mifugo na madeni kwa kukata alama kwenye kijiti. Kila walipofika ishirini, walikata alama moja kubwa. Ndiyo maana ‘score’ humaanisha mabao, na pia humaanisha ishirini.

Tazama sasa neno ‘deal’. Kwa asili lilikuwa ‘dæl’, yaani fungu, na Wajerumani hadi leo husema ‘Teil’. Hii ndiyo sababu ‘a great deal’ ni kiasi kikubwa wala si biashara kubwa, na anayegawa karata huitwa ‘dealer’. Kutoka kugawa, neno lilihamia kwenye biashara na mapatano, hadi vijana wa Nairobi wakalitwaa wakalifanya ‘dili’.

Ndugu wa ‘deal’ ni ‘dole’, fungu la chakula au pesa walilopewa maskini. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kwisha mwaka 1918, Waingereza walianza kuuita hivyo msaada wa serikali kwa wasio na kazi. Ndugu mwingine ni ‘ordeal’, neno ambalo leo humaanisha mateso makali. Hapo kale lilikuwa hukumu: lile fungu ulilogawiwa. Mshtakiwa alishikishwa chuma cha moto au kutumbukiza mkono katika maji yanayochemka, na jeraha lake lilitazamwa ili ijulikane kama ana hatia. Kanisa lilipiga marufuku mapadri kushiriki katika desturi hiyo mwaka 1215.

WAFARANSA WAINGIA

Mwaka 1066, William wa Normandy aliiteka Uingereza. Kwa muda wa karne tatu hivi, Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa na ya mahakama. Kupitia Kifaransa, na moja kwa moja kutoka Kilatini, Kiingereza kilipata kundi la pili la maneno ya kugawa: ‘part’, ‘portion’, ‘divide’ na mengineyo.

‘Divide’ latokana na Kilatini ‘dividere’, kutenganisha. Hapo ndipo lilipozaliwa ‘individual’. Leo tunalifasiri kuwa mtu binafsi, lakini kiini chake ni kitu kisichoweza kugawanyika. Unaweza kuugawanya umati, mji na nyumba, lakini ukifika kwa mtu mmoja, hapo kisu kinakoma.

Kutoka ‘part’ tulipata ‘partition’, neno ambalo kila mwanafunzi wa historia analijua. Wawakilishi wa nchi 14 walikutana Berlin kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 kuweka kanuni za kugawana Afrika. Hakuna Mwafrika aliyealikwa mezani. Kisu kilikuwa mikononi mwa wageni, na mwenye mkate hakuwepo.

Lakini neno lenye kisa kitamu zaidi katika kundi hili ni ‘partner’. Leo ni mshirika wa biashara, mchumba au mwenza wa kucheza dansi. Asili yake ni ‘parcener’, neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha mrithi mwenza, yaani yule mnayerithi pamoja.

Kwa karne nyingi, sheria ya Uingereza ilimpa kifungua mimba wa kiume ardhi yote ya babake. Wadogo zake walitoka mikono mitupu. Ila marehemu alipoacha mabinti peke yao, wote walirithi kwa usawa, na sheria iliwaita ‘coparceners’. Utaratibu huo wa kumpendelea kifungua mimba ulifutwa mwaka 1925. Kwa hivyo unapomwita mtu ‘partner’, unatumia neno lililotoka kwenye urithi, si kwenye mapenzi!

WALIOKULA PAMOJA

Usidhani, msomaji, kwamba Kiingereza kina kisu tu. Kina mkate pia.

Chukua neno ‘companion’, rafiki au mwandani. Katika Kilatini ‘com’ ni pamoja na ‘panis’ ni mkate. Mwandani, basi, ni yule unayekula naye mkate. ‘Company’ lina asili hiyo hiyo, na kutoka hapo tukapata neno letu ‘kampuni’. Ukifikiria jinsi wafanyakazi wengine wanavyolipwa, utajiuliza kama waajiri wanakumbuka kwamba jina la biashara yao lina maana ya kula pamoja!

‘Mate’, ambalo wanafunzi hulitumia katika ‘classmate’, lina uhusiano na ‘meat’. Siku hizo ‘meat’ haikuwa nyama tu bali chakula cha aina yoyote. Nao mabwana wakubwa? ‘Lord’ lilikuwa ‘hlafweard’, mlinzi wa mkate, na ‘lady’ lilikuwa ‘hlæfdige’, mkandaji wa unga wa mkate. Ukubwa ulipimwa kwa kulisha.

Waswahili wa pwani wanalielewa jambo hili vyema. Wana kitu kiitwacho kikoa: watu kadhaa hula pamoja na kupokezana zamu ya kugharimia chakula. Leo kwangu, kesho kwako. Hapo hakuna anayekata fungu lake akaondoka nalo.

Hata hivyo, kushika kitu pamoja si lazima kulete urafiki. Neno ‘rival’, mpinzani, latokana na Kilatini ‘rivus’, kijito. Kule Roma, ‘rivalis’ alikuwa jirani anayetumia maji ya kijito kimoja nawe. Maji yakiwa tele, mnasalimiana. Yakipungua, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Kutoka ujirani, neno likawa uhasama.

Sasa weka ‘companion’ na ‘rival’ kwenye mizani. Wote wawili wana kitu kimoja cha kutumia pamoja. Mmoja akawa mwandani, wa pili akawa mshindani. Tofauti haiko katika kitu chenyewe, bali katika makubaliano yao juu ya kitu hicho.

FUNGU LISILOKATWA

Katika biashara, ‘share’ lilipata maana ambayo wakata kondoo wa zamani wasingeielewa. Miaka ya 1600, makampuni kama East India Company, iliyoanzishwa mwaka 1600, yalikusanya mitaji ya watu wengi ili kutuma merikebu ng’ambo. Kila aliyetoa pesa alikuwa na fungu lake, lakini hakuweza kwenda bandarini akakate ubao wake. Merikebu ilibaki nzima. Kilichogawanywa ni faida, na ndiyo sababu ikaitwa ‘dividend’, yaani kile cha kugawanywa.

Sisi tunalo neno hisa, tulilolipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni fungu. Mwaka 2008, Wakenya walipopanga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, hakuna aliyekwenda nyumbani na kipande cha mlingoti. Alipata haki juu ya kitu kizima.

Hilo fungu lisilokatwa ndilo linalotufikisha penye jambo zito.

MANENO YALIYO KWENYE HATIMILIKI

Watu wawili wakinunua ardhi pamoja nchini Kenya, sheria inatambua njia mbili za kuimiliki. Moja huitwa ‘joint tenancy’ na nyingine ‘tenancy in common’. Wengi wakisikia ‘tenant’ huwaza mpangaji na kodi ya mwisho wa mwezi. La hasha! Neno hilo latokana na Kilatini ‘tenere’, kushika. Hapa ni mwenye kuishika ardhi, yaani mmiliki.

Na sasa jihadhari, kwani masikio yanaweza kukudanganya. ‘In common’ husikika kama ndiyo njia ya kushika kila kitu pamoja. Kumbe ndiyo yenye mafungu! Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 91, wamiliki wa aina hii kila mmoja ana fungu lake katika ardhi nzima, ingawa halijakatwa. Hakuna anayeweza kusema upande wenye mwembe ni wake mpaka ardhi igawanywe rasmi. Lakini mmoja akifariki, fungu lake linaingia katika mirathi yake na kwenda kwa warithi wake.

‘Joint’ ni tofauti kabisa. Neno hili lina ukoo na ‘yoke’, ile nira inayowafunga ng’ombe wawili wa plau. Waliofungwa hivyo hawana mafungu. Wote wawili wanamiliki kitu kizima. Mmoja akifariki, haki yake inahamia kwa aliyebaki, wala haiingii katika mirathi.

Tuseme mume na mke wamenunua ploti Kitengela. Ikiwa waliandikishwa kwa njia ya ‘joint’, mume akifariki, ploti yote ni ya mjane. Ikiwa ni ‘in common’, mjane ana fungu lake tu, na lile la marehemu litapelekwa katika mirathi, ambako watu wengine wanaweza kujitokeza na madai yao. Watu ni wale wale na ploti ni ile ile; kilichobadilika ni maneno ya Kiingereza katika karatasi.

Na vipi ndugu wawili waliochanga pesa? Sheria hiyo ya 2012 iliweka kwamba, isipokuwa kwa idhini ya mahakama, ‘joint’ mpya ni ya mume na mke tu. Wengine wakijiandikisha hivyo, watahesabiwa kuwa ‘in common’. Kaka anayedhani kwamba nduguye akitangulia mbele ya haki ploti yote itakuwa yake, atashangaa shemeji yake na watoto wakifika na barua ya wakili. Watoto hao hawajamwibia. Wamekuja kuchukua fungu la baba yao.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Ni kweli ugomvi wa ndugu aghalabu hupita. Lakini ugomvi wa mashamba umeonekana kuwashinda wengi, na mara nyingi chanzo chake ni kwamba tangu mwanzo hawakusema wazi walichokubaliana.

Basi, msomaji, mtu akikuambia ‘let us share’, iwe ni nyumba, gari la matatu au shamba la marehemu baba, mrudishe kwenye Kiswahili kwanza. Muulize: tunakata, au tunashika pamoja? Na mmoja wetu akiondoka duniani, fungu lake litakuwa la nani? Mkishakubaliana, andikeni, na wakili awafafanulie kila neno kabla hamjatia sahihi. Kama mna hatimiliki tayari, itoeni kabatini wiki hii mtazame majina yenu yaliandikwaje. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari usiloelewa lugha yake halina faida kubwa kushinda kukosa daftari.