Alama za Mtoto wa Mbwajumali Zasema Nini?

Shule ya msingi ikitazamwa kutoka ofisini huwa ni tarakimu tatu tu: idadi ya walioandikishwa, mgawanyo wao kwa jinsia na umri, na wastani wa alama zao. Tarakimu hizo hazidharauliki. Fedha hugawanywa kwazo, walimu hupangwa kwazo, na wazazi huzisubiri kwa moyo mzito. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo jedwali halina safu yake, nalo ni lugha aingiayo nayo mtoto darasani. Bila ya jambo hilo, ile tarakimu ya tatu yaweza kutupotosha kabisa.

Chukua mfano wa Mbwajumali, kijiji kilichoko kisiwani Pate, upande mmoja na Faza, Tchundwa na Kizingitini. Mtu wa bara akiambiwa kwamba watoto wa huko wana taabu ya Kiswahili, atacheka. Si Waswahili hao? Si wanyonyeshwa lugha pamoja na maziwa ya mama? Naam, ni Waswahili. Lakini lugha ya nyumbani kwao ni Kibajuni, ambacho wataalamu hukiita pia Kitikuu, na lugha ya kitabu cha shule ni Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja. Baina ya viwili hivyo pana mkondo wa maji, na mtoto huachwa auvuke peke yake.

Mkondo huo una kanuni zake. Mahali pengi ambapo Kiswahili Sanifu kina sauti ya t, Kibajuni kina ch. Watu ni wachu. Tatu ni chachu. Kutoka ni kuchoka. Asiyesadiki na atazame ramani: kijiji jirani huandikwa Tundwa na pia Tchundwa, na kule kwenye visiwa vya Wabajuni vya Somalia kuna kisiwa kiitwacho Tula, au Chula. Huu si ulimi mzito wala si uzembe. Ni badiliko la sauti lililopita katika lugha nzima kwa utaratibu, kama yalivyopita mabadiliko mengine yaliyozaa Kiamu, Kimvita na hicho Kiunguja chenyewe.

Sasa mfikirie mwalimu aliyetoka mbali, asiyepata kuambiwa habari hizi. Mwanafunzi aandika kuchoka akikusudia kutoka. Mwalimu asoma habari za uchovu, achora msitari mwekundu, apunguza alama. Neno moja limekuwa makosa mawili: la tahajia na la maana. Mtoto naye, akiisha kukemewa mara kadhaa, huenda akaanza kuiogopa ch hata pale inapostahili, akaandika tungwa kwa chungwa. Hapo jedwali litasema kwamba mtoto huyu hajui lugha. Kweli ni kwamba anajua moja barabara, na ya pili hakuna aliyemfundisha kama lugha ya pili. Alidhaniwa anayo tayari.

Walimu wetu na wakumbuke jinsi usanifu ulivyopatikana. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha ya vitabu na shule, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kuisimamia kazi hiyo. Uamuzi ule ulikuwa na manufaa makubwa, nasi sote tunayavuna. Lakini ulikuwa uamuzi wa wasimamizi wa elimu, si hukumu kwamba lahaja nyingine ni Kiswahili kibovu. Kisiwa hiki cha Pate kimemlea Mwana Kupona, ambaye utendi wake wa mwaka 1858 ungali ukifundishwa vyuoni, naye hakuutunga kwa Kiunguja.

Suala hili si letu peke yetu. Mwaka 1977, katika mji wa Ann Arbor nchini Marekani, wazazi wa watoto weusi waliishtaki bodi ya shule kwamba watoto wao wa shule ya msingi ya Martin Luther King walikuwa wakionekana wazito wa kufahamu kwa sababu ya Kiingereza cha nyumbani kwao. Jaji Charles Joiner aliiagiza bodi iwasaidie walimu kuitambua lugha ya nyumbani ya watoto hao na kuitumia ujuzi huo katika kuwafundisha kusoma Kiingereza sanifu. Hakusema usanifu uachwe. Alisema mwalimu aanze pale alipo mtoto.

Hapa Kenya, elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliwaongeza wanafunzi nchini kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi kwa mwaka mmoja. Katiba ya mwaka 2010 ikaifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, tena ikaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mlango umefunguliwa na mizani imebadilishwa. Lakini kumwandikisha mtoto ni kumpa kiti tu. Kumfahamu ni kazi nyingine.

Kazi hiyo haihitaji mamilioni. Mwalimu mgeni apewe karatasi moja ya ulinganisho wa sauti na maneno ya Kibajuni na ya Kiswahili Sanifu, nao wazee na vijana wenyeji waliosoma waisaidie kuitunga. Katika madarasa ya chini mtoto aruhusiwe kueleza kwanza kwa maneno ya kwao, kisha aelekezwe kwenye neno la kitabuni. Na katika insha, fikira zipimwe mbali na tahajia. Nanyi wanafunzi wa vyuo mnaotafuta mada za utafiti, jahazi la Pate haliwakatazi kupanda.

Mwacha mila ni mtumwa. Shule isimlazimishe mtoto wa Mbwajumali kuchagua baina ya wachu wa kwao na watu wa kitabuni. Imfundishe kwamba ni hao hao.