KUNAKILI SI KUIBA

Juma lililopita, kwenye baraza ya duka moja la Adams Arcade, kando ya Ngong Road jijini Nairobi, nilimkuta kijana wa Lamu akinakili picha ya mzee wa pwani iliyochorwa na Joy Adamson. Bibi huyo, mzaliwa wa Austria-Hungaria ya zamani, aliwachora wenyeji wa Kenya kwa mamia. Baadhi ya picha hizo zimo katika kitabu chake cha mwaka 1967, The Peoples of Kenya.

Kijana alikuwa amepiga miraba ya penseli, akihamisha mraba mmoja mmoja: kwanza vivuli, kisha rangi, macho mwisho.

“Nikichora kutoka kichwani, sheikh, nakosea pua nisijue. Nikinakili, kosa lajionyesha lenyewe.”

Nilikumbuka chuoni. Maalim akituandikia herufi ubaoni, nasi tukizifuata hata mkono ukazoea. Wanafunzi wa khati huko Uturuki nao hufunzwa vivyo hivyo.

“Na taswira ya chenye roho, waionaje?” nikamwuliza.

Akainama. “Baba hajanipa radhi. Ndiyo maana siuzi, wala sitii jina langu kwenye kazi ya mwingine.”

Masheikh wamekhitilafiana katika jambo hilo, nami si mwamuzi. Lakini uaminifu wake ulinipendeza. Hata sisi washairi twaazima bahari na mizani. Maneno ya mwenzio ukiyatia jina lako, huo ni wizi.

Nilimwahidi kwamba nikifika Lamu, inshallah, nitabisha hodi kwa babake nimweleze niliyoyaona.