Mwalimu Asipoambiwa, Atajuaje?

Ndugu msikilizaji, juma hili nazungumza na wazazi wenzangu wenye watoto wagonjwa walioko shuleni, hasa watoto wenye selimundu, maradhi ambayo wengi tunayaita sikoseli. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Binti yangu alipoingia darasa la tatu tulimhamishia shule nyingine hapa Dar es Salaam. Siku ya kumwandikisha niliulizwa kama ana maradhi yoyote. Nikajibu hana. Niliona haya, tena niliogopa wasije wakamkataa. Mwezi wa pili, asubuhi moja ya mvua, alikimbia mchakamchaka pamoja na wenzake. Darasani akaomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu. Mara ya tatu akanyimwa, akachapwa, kwa kudhaniwa kwamba anatega. Usiku ule mifupa ilimuuma hadi sauti ikamkauka kwa kulia. Tulilazwa siku sita.

Nilikwenda shuleni nimefura kwa hasira. Mwalimu wa darasa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba Neema, mimi nina watoto tisini. Huyu ulinikabidhi ukasema ni mzima." Sikuwa na jibu.

Tuuelewe ugonjwa wenyewe. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu za damu yake, badala ya kuwa za mviringo, hujipinda mfano wa mundu na kukwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu huanza. Baridi, kiu, uchovu na homa huyachochea. Figo zake nazo hushindwa kubakiza maji mwilini inavyotakiwa. Ndiyo maana hukojoa mara kwa mara, na ni lazima anywe maji mengi. Kumbe zile safari za chooni hazikuwa kutega, zilikuwa ugonjwa. Na hatuko peke yetu: inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, mwombe daktari barua fupi. Usimpe mtoto aipeleke. Ipeleke mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na nakala kwa mwalimu wa darasa. Barua iseme mambo manne. Mtoto anywe maji darasani na aruhusiwe kwenda chooni kila anapoomba. Asilazimishwe kukimbia, kufanya kazi nzito wala kukaa kwenye baridi, na apumzike akichoka. Akipata homa, akipumua kwa shida, au upande mmoja wa mwili ukilegea, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja kengele ya kutoka. La nne, namba za simu za watu wawili.

Pili, kila Januari rudi ukaseme upya, maana walimu hubadilika. Tatu, akilazwa, mwombe mwalimu kazi za siku alizokosa, asije akaachwa nyuma kwa sababu ya maradhi.

Kuhusu fimbo, kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliagiza kwamba mwalimu mkuu achape mwenyewe au atoe idhini kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na afya ya mwanafunzi izingatiwe. Lakini afya hiyo itazingatiwaje ikiwa mzazi ameificha?

Leo Neema yuko darasa la sita. Chupa yake ya maji inakaa juu ya dawati. Wenzake wanapokimbia mchakamchaka, yeye husimama barazani na daftari, akiandika majina ya waliochelewa. Mwalimu ndiye aliyempa kazi hiyo, na anaipenda.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mzazi mwenzangu, kesho nenda shuleni ukaseme.

Hadi juma lijalo, kwaheri.