TUTA NI LAKE, MAJI SI YAKE

Mfugaji wa Tarime au wa Serengeti anayechimba lambo katika shamba lake hatumlaumu hata kidogo. Kuwaswaga ng'ombe kutwa nzima wakati wa kiangazi mpaka Mto Mara ni mateso kwa mnyama na kwa mchungaji pia, na laiti wenye uwezo wote wangefanya kazi kama hiyo.

Lakini iko dhana moja potofu, kwamba aliyelipia trekta amenunua na maji. Sivyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja maji pamoja na ardhi, misitu na madini katika njia kuu za uchumi zipasazo kuwa chini ya umma. Sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji nayo imeyaweka maji yote ya Tanzania Bara chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Mtu hupewa kibali cha kuyatumia tu, na kwa Mara kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Basi jirani ambaye kijito chake kimekauka kwa ajili ya tuta la mwenziwe asiende kuomba kama maskini. Aulize kibali ki wapi.

Liko na jambo zito zaidi. Tuta la udongo halijui utajiri wa mwenyewe. Maji yakipita juu yake hulimega hata likakatika, ndiyo maana huachiwa njia ya pembeni ya kupunguzia maji. Na njia hiyo huzibwa na magugu hivi hivi twaona. Ng'ombe nao, wasiponyweshwa birikani, hulibomoa kwa kwato. Huko Solai, Nakuru, katika nchi jirani ya Kenya, bwawa la Patel lililokuwa mali ya shamba la mtu binafsi lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wakati wa mvua kubwa, likaua watu wasiopungua 47.

Atasema mtu kwamba lambo la Tarime ni dogo mno kulinganishwa na lile. Ni dogo, naam. Walakini na nyumba zilizo chini yake ni za udongo.

Twawaambia wanachama walio katika halmashauri za vijiji: yakagueni malambo kabla ya masika. Tazameni kibali, tuta na birika la majirani. Na mwenye lambo awepo siku hiyo, awaonyeshe kwa mkono wake maji ya ziada yatapita wapi.