Fahamu: Kwa nini Magogoni panafaa kwa riwaya ya majini

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, imeipa riwaya ya Kiswahili jukwaa jipya. Lakini riwaya ya vijana yenye majini na mizimu, ambamo mji wenyewe ni mhusika, bado inatafuta pa kukaa. Kwa maoni yangu, Magogoni, jijini Dar es Salaam, panatosha kabisa.

Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga hapa miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Alifariki 1870, na majengo yake mengi yakaachwa yabomoke. Boma la Kale, la mawe ya matumbawe, limesimama mpaka leo. Wajerumani wakaja, Waingereza wakaipiga Ikulu mizinga, kisha wakaijenga upya 1922. Mzimu gani ungekosa kisa hapo? Alfajiri soko la samaki la Feri linanuka shombo, madalali wanapaza sauti juu ya mafungu ya changu, kunguru wanavizia matumbo, na pantoni inapiga honi kuelekea Kigamboni.

Muhammed Said Abdulla alishaijaribu hofu ya mizimu kwa upande wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Ila mpelelezi wake, Bwana Msa, anafumbua fumbo kwa akili, na mzimu unabaki kisingizio cha muuaji.

Kijana wa Kariakoo wa leo hataki jini afafanuliwe. Anamsoma kwenye simu, kwa vipande, na kipande kitamu zaidi hukatikia pale anapoambiwa alipie kwanza.